Moto ya rangi ya majani chini ya konfitiri

Weye mwenye unanisikiliza, ulishaka kumona moto ya rangi ya majani? Sisemi moto ya gazi, hapana. Ninasema moto ya kuni, chini ya sufuria. Inawaka mwekundu vizuri, kiisha inageuka majani-majani sawa sombe, majani ya muhogo. Miye na hii mvi yote sikumonaka kitu ya vile. Na ile siku nilikuwa napika konfitiri ya mapeshi, ile jamu ya mapichi ya kupakaa ku mukate, kitu ya furaha, si kitu ya kutisha bantu. Ngoja nikuelezee.

Mu lupango yetu, kiwanja ya nyumba, hapa Likasi kuko muti moja ya mapeshi. Bwana yangu njo aliipandaka, Mungu amupumuzishe. Alikulaka peshi kule Kapolowe, ku misioni, akaweka kokwa mu mufuko ya suruali, akakuja nayo ku nyumba. Bantu balimucheka. Balisema mapeshi ni matunda ya bazungu, hapa kwetu itaota majani tu. Ikazala. Sasa kila wakati ya joto inazala mpaka matawi inainama, na batoto ya bajirani bote banakumbuka kama kuko nkambo, bibi muzee, wa kusalimia. Bwana alikwenda, nyumba yake inapasuka, picha yake panya ilikula mpaka mu macho. Muti njo ilibakia. Asubui nikifungua mulango, ni yeye ninamonaka kwanza, na ninamusalimia.

Konfitiri yenyewe haiombe masomo, na ni bahati, maana masomo yangu miye iliishaka mbele ya kuanza vizuri. Unaosha mapeshi, unamenya, unatosha kokwa, unakata. Unachanganya na sukari, unaacha mpaka itoe maji yake. Unakamulia ndimu, unaweka ku moto, unakoroga. Na pale kuko sheria: ukianza kukoroga, hauachi. Sukari haina urafiki na muntu. Geuka kidogo tu kuitika muntu ku mulango, imeshika chini, imeungua, na jirani bote banajua kama unapika vibaya.

Nilikuwa na mujukulu wangu mwanamuke, ule mwenye alimaliza masomo, anangoja tu kwenda Lubumbashi ku université. Miye ninamuita mukemwenzangu. Kwetu ni vile: nkambo na mujukulu mwanamuke banatukanana sawa bake ba bwana moja, na hakuna mwenye anakasirika. Nilimuambia mbabula, jiko ya makala, ni ndogo kwa ile sufuria, apange mafiga inje. Akapata mawe mbili, ya tatu ikakosa. Akaenda kuchukua ile yenye ilikuwa inalala chini ya muti ya mapeshi, imevaa udongo na majani ya kukauka. Sikuiangalia. Nilikuwa napangusa bokali zangu, chupa za kutia konfitiri.

Bon, sufuria ikaanza kuimba. Harufu ikatoka, unajua ile harufu, inakukumbusha mambo yenye haujaifanya. Mukemwenzangu akaniambia nionje mingi ninenepe, bwana yetu hakupendaka wanamuke ba mifupa. Nilimujibu kama miye bwana alinioa na mahari, yeye alizaliwa akakuta meza imekwisha kupanguswa. Tulikuwa tunacheka. Pale njo nilimona moto.

Ku pembeni ya ile jiwe ya tatu, ulimi ya moto ilikuwa rangi ya majani. Nilisema ni macho. Nikapangusa macho na kitambaa. Ikabakia vile. Nikaangalia mukemwenzangu, naye kinywa wazi. Miye muntu wa maombi, nilianza kukemea, kwa jina ya Yesu, kwa jina ya Yesu, na mukono unaendelea kukoroga, maana shetani ni shetani, lakini sukari ni sukari. Kiisha jiwe ikapasuka. Kipande ikaruka ikapita karibu na goti yangu, na mu ndani yake ilikuwa majani-majani, inang'aa, na mistari yake. Malakiti. Nani hapa kwetu hajui malakiti? Jiwe ya mukuba, ya shaba, njo inageuza moto majani-majani.

Jirani naye alijua. Ni baba moja anachimbaka mawe tangu ujana yake, na alikuwa amesimama pale ku ukuta, kichwa juu, anaangalia ule moto sawa muntu anaangalia mukate. Aliuliza mutoto, polepole, jiwe ilitoka wapi. Mukemwenzangu akajibu bila kuwaza: chini ya muti ya mapeshi. Hakudanganya, njo kwenye aliikuta. Na miye? Konfitiri ilikuwa inaanza kuwa nzito, kinywa imejaa maombi, sikuongeza neno. Wakati nilipata akili, baba ule alikuwa amekwisha kupiga telefone kuita benzake ba kuchimba.

Balikuja na baramini, kile chuma kirefu cha kupasulia mawe, na majembe, na mifuko. Balipita mbele yangu moja moja, jambo nkambo, jambo nkambo, na heshima yote, sawa ku kilio, ku matanga. Moja aliomba kuonja. Miye nilifikiri banapita tu kwenda kwa jirani. Kiisha nikasikia chuma inaingia mu udongo, na sauti yenye haikuwa ya udongo.

Balikuwa bamekata muzizi. Muzizi munene sawa mukono yangu, ndani yake mweupe, unalia maji.

Sijui nani alinisimamisha. Nilimupa mukemwenzangu muiko, nikamuambia akoroge, hata nyumba ianguke akoroge. Nikaenda, nikashuka mu ile shimo, nikaikala. Miguu mbele, nguo mu udongo. Balisimamisha kazi. Kumuvuta nkambo mukono kwa nguvu, hakuna mwanaume hapa anataka ile laana. Nikabaambia: jiwe haikutoka hapa. Bwana yangu aliletaka kutoka Kakanda, mu kamyo ya mizigo, maana alipenda rangi yake, na aliiweka ku shina ili mvua isibebe udongo.

Jirani akachuchumaa mbele yangu. Akasema na sauti ya kubembeleza mutoto:

"Nkambo, bazee bote banasemaka vile. Unatufukuza, kesho batoto yako banachimba peke yao."

Miye, mwizi mu lupango yangu. Na watu wanakulaka mapeshi yangu kila mwaka, na mumoja hakuuliza muti itakuwa namna gani. Nikaangalia huku, nikaangalia kule, nikamona choo. Nikamuuliza:

"Baba, choo yangu nani alichimbaka?"

Akageuza macho ku choo.

"Ni weye. Pale, karibu hivi. Uliingia mpaka kichwa ikapotea, tukakuvuta inje na kamba. Ulikuta nini mule ndani?"

"Udongo mwekundu," alisema, na sauti ya chini kabisa.

"Na kiisha?"

"Udongo mwekundu tu."

Rafiki yake mumoja akaegemea baramini akamuambia: "Aa, mukubwa, kumbe ulituita tukuje kuchimba choo ya pili." Balicheka mpaka moja akaikala chini. Bakabeba vyombo yao, bakaenda. Jirani alibakia kurudisha udongo, na mikono, miye ninamuonyesha muzizi huu, na huu. Aliomba samahani. Konfitiri sikumupa. Siku ingine, labda.

Niliporudia ku moto, mukemwenzangu alikuwa bado anakoroga, jasho inatelemuka ku shingo, macho mekundu na moshi. Alikuwa amebadilisha ile jiwe na tofali, peke yake, bila kuachia muiko. Konfitiri ilikuwa rangi ya asali, haikushika hata kidogo. Lakini miye sikuweza kufurahi. Matawi ya upande mumoja ilikuwa imeanza kulegea majani. Nilimuambia: huu muti, sijui utaishi. Na ukiishi, miye nitakwenda, weye utabakia na lupango, utakuwa na bwana, utakuwa na shida, na kuko muntu atakuambia tena kama chini kuko mukuba.

Alipangusa mikono ku kitenge. Mara hii hakucheka.

"Nkambo, nikiwa muzima hakuna mwenye atatia chuma pale. Na siku nikimona mukuba ya kweli, kwa macho yangu, ku muzizi ya huu muti, nitarudisha udongo juu, na nitanyamaza."