Moti na Sufuria ya Dagaa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Khushboo ni beleshi dogo. Alilishika mkono wa kulia, kipande cha chapati mkono wa kushoto, na macho yake hayakubanduka kwenye mkia wa mbwa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimehamia chumba cha uani kwake, mtaa wa Kirumba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nyamaza kidogo, mwanangu. Moti anachuchumaa."

Jina la mama mwenyewe ni Pinal, mjane anayeshona sare za shule. Moti, mbwa wake, alikuwa na tabia ya kula kinyesi chake mwenyewe. Sasa Khushboo, binti wa mama huyu, ana mimba ya kwanza, na kwa desturi yao Wahindi mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi mzaa mama. Mkwe, mume wa Khushboo, alipiga simu kutoka Dar es Salaam: mbwa mla mavi na mtoto mchanga hawakai nyumba moja. Ama Moti aondoke, ama Khushboo asije. Lakini Moti aliletwa na marehemu mume wa mama, akiwa mdogo kama kiatu.

Miezi miwili mizima mama alikuwa amemkimbiza mbwa kwa ufagio. Moti akajifunza jambo moja tu: kula upesi kabla ufagio haujafika.

Ndipo, siku chache kabla sijahamia, akaitwa daktari wa mifugo. Alimpa Moti dawa ya minyoo, akauliza chakula chake.

"Anakula tunachokula sisi. Wali na dengu, mchana."

"Nyama? Samaki?"

"Humu ndani nyama haijaingia tangu enzi za bibi yangu!"

Suzana, jirani anayeuza dagaa soko la samaki la Mwaloni, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Khushboo! Mbwa wa Kirumba, harufu ya dagaa inampita puani kutwa, nawe unamfungisha? Hata mimi ningejitafutia."

"Koma, Suzana!" Naye alikuwa anacheka.

Daktari aliagiza milo miwili, ufagio uwekwe kando, na mbwa aitwe apewe kitu kitamu huku uchafu ukizolewa papo hapo. Basi Suzana akawa anachemsha dagaa kwenye jiko lake, katika sufuria isiyovuka kizingiti cha Mama Khushboo. Moti hulia chakula chake getini, na mama husimama karibu, ncha ya sari puani.

Wiki ya kwanza Moti aliiacha chapati mara mbili, akala uchafu wake. Mama aliingia ndani, ufagio hakuugusa. Tangu hapo amechora mistari ishirini na mmoja ya chaki ya kushonea kwenye mlango, mmoja kwa kila siku safi.

Mkwe aliomba video. Nilirekodi mimi. Moti alimaliza, akageuka, akanusa. Suzana akaniminya bega.

"Moti, njoo!"

Akaja mbio.

Jibu lilifika jioni ile: Khushboo anapanda ndege Jumamosi. Leo ni Alhamisi. Kitanda kimetandikwa, Suzana ameisugua sufuria mpaka inang'aa, na Mama Khushboo ameshaniuliza mara tatu ndege inatua saa ngapi.