Dirisha la Stoo ya Kahawa

Jumamosi za kipupwe zilinukia mikate. Si mikate ya dukani, bali ile myembamba ya hostia za misa ambayo masista waliioka kwa chuma cha moto nyuma ya nyumba yao, chini kidogo ya msitu wa Olmotonyi. Ukungu wa Mlima Meru ulishuka hadi kwenye migomba na kuificha njia, nami nilifuata pua tu mpaka jikoni kwao. Hapo Sista Bruna, mzee kutoka Ulaya aliyezungumza Kiswahili polepole kama anayehesabu shanga, alinijazia kiganja kwa vipande vilivyobaki baada ya kukata duara za hostia. Viliyeyuka ulimini kabla sijaijua ladha yake. Nilikuwa na miaka tisa, Mwingereza angali anatawala, na niliamini kwamba mbinguni watu hula hivyo tu.

Nilikwenda huko na dada yangu Pasensia. Mama yetu alifariki nikingali mchanga, na dada, aliyenizidi miaka minane, ndiye aliyenibeba, akanilisha, akanisuka nywele. Baba alikuwa seremala wa kambi ya misitu. Alitutoa Kibosho, kwa Wakatoliki wenzetu, akatujengea nyumba ya mbao katikati ya mashamba ya Walutheri, majirani wema walioitazama rozari yetu kwa mshangao wa adabu. Mwaka ule Pasensia alimwambia baba anataka kuwa mtawa. Baba aliweka randa chini akasema, “Hapana,” kisha akaichukua tena. Dada alimwomba tena na tena majuma yaliyofuata, maana bandu bandu huisha gogo, lakini baba alikuwa gogo la mninga. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kila alipokataa.

Asubuhi moja, mvuke wa unga ukiwa umetanda jikoni, Sista Bruna alitusimulia habari za wanawake wa Ulaya ya kale. Mmoja, alisema, aliugua hadi kukaribia kufa, na katika homa ile akaona mwanga na upendo ambao maisha yake yote yaliyobaki hayakutosha kuueleza. Alipopona aliomba ajengewe chumba kidogo ubavuni mwa kanisa, akaingia, mlango ukafungwa daima. Akabaki na madirisha matatu: moja la kuitazama altare, moja la kupokelea chakula, na moja la watu wenye shida.

“Hakuwa mpweke?” nikauliza.

“Mpweke?” Sista akacheka. “Mji mzima ulikuja kulia dirishani kwake.”

Pasensia aliacha kukata hostia. Macho yake yalikwenda mbali, nami njia nzima ya kurudi nilitembea kama ndotoni, nikimwona yule mwanamke ndani ya ukungu, uso wake ukiwa uso wa dada. Tulipofika nyumbani nilikuwa na mpango. Nilifagia stoo yetu ya kahawa, nikatandika magunia, nikatundika msalaba, kisha nikang'oa ubao mmoja uliolegea ukutani. Nikamwambia dada: awe mtawa humu humu. Mungu atakuwa naye, na mimi nitakuwa nampa chakula dirishani. Sikujua bado kwamba mtaka yote hukosa yote.

Nilidhani angecheka. Alinibusu utosini, akaingia na kufunga mlango. Baba alipouliza, alimjibu kwa heshima kutoka ndani kwamba anaomba siku tatu za kusali. Baba alikwenda zake kazini.

Siku ya pili Mama Eliakunda, jirani yetu, Mlutheri mkali ambaye hata mbuzi walimwogopa, alikuja kuazima ungo. Nikamwelekeza dirishani. Alianza kwa kumgombeza dada kwa upuuzi wake. Kisha, sijui dada alimwuliza nini, sauti yake ikashuka. Akakaa chini kwenye nyasi zenye umande. Akamtaja mwanawe wa kwanza, aliyezikwa kabla ya kubatizwa, ambaye hakuna aliyewahi kutusimulia habari zake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye aliumeza wake miaka kumi na miwili. Alilia akiwa ameshika ukingo wa ule mwanya, na mkono wa dada ulikuwa juu ya mkono wake.

Baba aliporudi alasiri alimkuta hivyo. Alisimama nyuma ya mgomba hadi mama yule alipoondoka, kisha akasogea.

“Nani ameng'oa ubao wangu?”

“Ni mimi, baba,” nikasema.

Alikaa palepale penye nyasi zilizolala. “Pasensia.”

“Abee, baba.”

“Huyu mdogo nitamlea vipi? Mimi hata kusuka nywele sijui.”

Ndipo nilipoelewa kwamba baba alikuwa anaogopa, kama mimi.

“Nitakufundisha,” dada akasema.

Baba alifundishwa kipupwe chote kilichobaki, vidole vyake vya useremala vikinivuta nywele hadi machozi. Mvua za vuli zilipoanza, Pasensia aliondoka kwenda utawani, mbali na kwetu. Sikumuaga. Nilijificha shambani, nikamsikia akiniita mara tatu.

Siku hizi wajukuu wangu wanaoishi Engutoto mjini wakisafiri, hawajafika hata Kisongo hapo jirani wamekwishapiga simu. Zamani zile aliyeondoka aliondoka kweli. Barua ilichukua majuma, na hasira ilipata nafasi ya kuota mizizi. Mwaka jana nilimtembelea dada katika nyumba ya masista wazee. Tulikaa juani, vikongwe wawili wenye blanketi magotini. Akaniuliza, kana kwamba ni jambo la juzi, “Ulinikasirikia?”

“Miaka mingi,” nikamwambia. Sikuwahi kumwambia mtu.

Akaitikia kwa kichwa. “Mimi nilimkasirikia Mungu,” akasema. “Mwaka wa kwanza wote. Kila nikifumba macho nisali, nilikuwa nakuona wewe.”