Mfanye Babu

Wateja wangu wa mafuta ya alizeti walikuwa hata chupa hawajaiweka chini, wanamwambia mjukuu wangu: "Haya baba, mfanye Babu tumwone."

Naye hakuwa mtoto wa kubembelezwa. Anapandisha kaptura juu ya kitovu, mikono nyuma, kitumbo mbele, anakohoa kile kikohozi cha babu yake, hm-hm, halafu ananguruma: "Wewe mwanamke! Chakula kiko wapi? Au mpaka nikuandikie barua?" Na meno ya mbele hana! Wanawake wanashikana mabega kwa kucheka. Kuna mmoja hapo mtaa wa Utemini alikuwa anacheka kama bata mzinga, "khrr, khrr, jamani nakufa, rudia!" Huyo nina hakika mafuta mengine alikuwa anayamwaga makusudi ili apate sababu ya kurudi.

Mwalimu wa mchezo ule ni mimi. Shule sikuiona, lakini sauti ya mtu nikiisikia mara moja imekaa. Nilimfanya shehe, nikamfanya padri, nikamfanya konda wa basi la Manyoni na yule daktari anayeongelea puani, "Mama, unaumwa wapi, mmh?" Ila mume wangu ndiye nilimpatia kuliko wote. Huyo nilimsomea miaka mingi.

Alikuwa dereva wa lori la kampuni ya serikali, wakileta sukari na sabuni mkoani. Zile siku za foleni, dereva wa sukari hata wakubwa walimwita kaka. Halafu ikaja ruksa ya biashara, kila mwenye duka akaleta vyake, sabuni za rangi zote, mitumba mpaka njiani. Kampuni ikafungwa, lori likauzwa, yeye akarudi nyumbani na suruali zake za kazi. Kila asubuhi anaipiga moja pasi ya mkaa, anainyoosha mstari mpaka unaweza kukukata, anavaa, anakaa mlangoni. Pa kwenda hana.

Mimi nikaanza kuuza mafuta. Nachukua dumu kwenye mashine ya kukamua, napima kwenye chupa getini. Sasa unga wangu, mboga yangu, na chumvi yangu. Hapo ndipo ngurumo ilipoanza. Zamani hakuwahi hata kuuliza chakula kiko wapi. Sasa kikichelewa kidogo tu, kama vile nimefanya makusudi kumkumbusha nani ananunua, anakohoa, ananguruma, na siku nyingine kofi.

Kofi lenyewe najua alilitoa wapi. Alipokuwa mdogo mbuzi mmoja alipotea, baba yake akamchapa kwa fimbo ya ng'ombe mbele ya watu wa kisimani. Alinisimulia mwenyewe tulipooana, huku anacheka. Na mimi nikacheka. Nyumba yetu ilikuwa na kucheka kwingi.

Basi siku moja jirani akaona shavu langu limevimba. Akaanza kunitazama kwa ile huruma, kichwa upande, "Pole, mwenzangu, pole jamani." Sikuiweza ile pole. Nikasimama nikamfanya mume wangu: mikono nyuma, hm-hm, pa! Nikajipiga kofi mwenyewe, nikaangukia gunia la mashudu, yale makapi ya alizeti, miguu juu. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo sikuwa tena mwanamke anayepigwa, nikawa mchekeshaji. Na biashara ikachanganya.

Mtoto alikuwa ananitazama. Mama yake, binti yangu, alikwenda Sekenke kupikia wachimbaji, akaniachia. Nikaona nimpe sehemu yake kwenye mchezo. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, si ndivyo tunavyotaniana? Nilimwita mume wangu, nikamfundisha kukohoa, nikamfundisha kusimama. Mwisho nikamfundisha kofi: ananipiga pajani, pa! nami naanguka kwenye mashudu. Watu wakicheka anajua amepatia.

Babu yake hakuwa anajua. Tulimfanya akiwa ameenda msikitini au amelala.

Siku moja watoto walikuwa wanacheza kupika karibu na uzio, na makopo yao. Mwenzake alikuwa binti mdogo wa jirani yangu wa ukuta mmoja, kasichana kapole, kalikuwa kanakoroga ugali wa mchanga. Mimi na wateja wawili tuko getini. Tukasikia hm-hm. Mteja mmoja akanibinya: "Sikiliza, mumeo huyo." Tukageuka tukijiandaa kabisa kucheka.

"Wewe mwanamke! Chakula kiko wapi?"

Kasichana kakampa kopo kwa mikono miwili, na goti kakapiga. Mjukuu wangu akakazaba kofi. La kweli, kwa nguvu zake zote. Kakaangukia ukingo wa makopo, mdomo ukapasuka.

Na yeye, badala ya kukimbia kama mtoto aliyekosa, akageuka kwetu. Mikono nyuma. Anasubiri tucheke.

Na kicheko changu kilikuwa kimeshatoka. Nilikuwa nimekianza tangu kwenye kikohozi, hakikuwahi kurudi. Mpaka leo nakisikia, peke yake, katikati ya kile kilio.

Mama wa kasichana akaja mbio kutoka bombani. Sauti yake ya siku ile sijawahi kuiigiza. Alimnyanyua mwanawe, akamwuliza mjukuu wangu taratibu tu: "Nani kakufundisha kupiga, baba?"

"Babu," akajibu kwa furaha. "Babu anafanya hivi. Halafu Bibi anaanguka hivi." Akajitupa chini, miguu juu.

Hakuna aliyecheka. Hata yule bata mzinga, naye alikuwepo, aliangalia chupa yake. Nilipoinua macho nikamwona mume wangu mlangoni, na suruali yake ya mstari. Alikuwa ameona yote: mtoto aliyepigwa, na yeye mwenyewe, mfupi, bila meno, kaptura kitovuni.

Nilidhani atakata fimbo. Alitoa leso mfukoni, nayo imepigwa pasi, akachuchumaa akamfuta yule mtoto damu. "Nisamehe, mama," akamwambia. Kwake yule mtoto alisema. Kwangu hakusema, na mimi kwake sikusema.

Sasa huyo mjukuu ana mke, wanaishi Ikungi. Nikienda kuwatembelea, chakula kikichelewa, mazungumzo yote siyasikii tena. Nasikiliza koo lake tu. Mkewe ananiuliza, "Bibi, mbona umenyamaza leo, wewe wa kunyamaza?" Namwambia nina njaa.

Jioni ya siku ile ya kofi tulikaa watatu barazani, mimi, mume wangu na mtoto. Ugali ulikuwa umechelewa. Mume wangu akakohoa, akajishtukia, akakimeza kikohozi katikati. Akasema, kwa sauti sijawahi kuisikia kwake, ya mgeni aliyebisha hodi nyumba asiyoijua: "Mama, kama chakula kipo, naomba."

Mtoto akainua uso, akamtazama kwa kumhurumia.

"Siyo hivyo, Babu," akasema. "Unakosea."

Tukainamia mikono yetu wote wawili. Mtoto akasimama, akapandisha kaptura, akaweka mikono nyuma, ili atuonyeshe.