Goli Alilomwachia Kombo

Mpaka leo nikinusa mafuta ya makonyo, yale yanayokamuliwa kwenye vikonyo vya karafuu, hasira hunipanda kabla hata sijamjua aliyeyapaka. Msinicheke. Kaka yangu Faki alikuwa akijisugua nayo miguuni kabla ya kila mechi, na nyumba yetu ya Wawi, Pemba, ilikuwa ikinuka kuanzia ukumbini hadi jikoni, hata wali ukashika ile harufu. Hatukulalamika. Faki alikuwa mshambuliaji, na kwa ushambuliaji ule tungekula karafuu tupu tukashiba.

Wallahi, sijaona tena mtu wa kucheza vile. Alikuwa hakimbii sana. Akiupata mpira anauburura taratibu, beki anajiona ana nafasi, kumbe mwenzake keshapita, na ule wavu chakavu wa dagaa tulioutundika golini ushatikisika.

Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya mchele. Ikaja habari kwamba timu moja kubwa ya Unguja inamleta mtu kumtazama Faki. Timu yenyewe ilikuwa ya shirika, na mchezaji wao hupewa kazi na chumba cha kulala. Basi, nyumba ikageuka. Mama akakigawa kitanda cha Faki kwa binamu yetu. Mie nikatamba shuleni mpaka mwalimu akanitoa nje. Bi Time, jirani yetu, akaanza kuagiza kanga za kuletewa kutoka mjini, na kijana mwenyewe bado yuko uani anafua soksi!

Siku ikafika. Tulikuwa tunacheza na vijana wa Micheweni, watu wa kukaba kama wanadaiwa roho. Mama aliniruhusu kwenda kwa sababu moja tu: nimshikie Faki kikoi chake. Nikakaa karibu na goli la Micheweni, kikoi mapajani. Yule mgeni wa Unguja alikaa upande wa pili kwenye kiti walichomtolea skuli, kavaa miwani ya jua.

Hakuna aliyepata goli mpaka jioni inakaribia. Ndipo Faki akauchukua mpira kati, akampita wa kwanza, akampita wa pili, akabaki yeye na golikipa. Nikasimama. Mgeni naye akasimama, nilimwona kwa macho yangu.

Na hapo hapo, kwenye njia ya pembeni mwa uwanja, likatokea jeneza.

Kwetu jeneza likipita mpira husimama. Hilo sina ugomvi nalo. Mwamuzi alipiga filimbi, wote wakatulia, na wabebaji wakawa wanapita na dhikri zao. Maiti alikuwa mzee mgeni aliyefia kwa mwanawe, na watu wa kumbeba walikuwa tele, wanapokezana mabegani. Lilikuwa jambo la kusimama kidogo tu, lipite, tuendelee. Lakini kaka yangu akauacha mpira palepale, akaja moja kwa moja mpaka nilipo.

"Mize, nipe kikoi."

"Kaka, goli lile!"

"Nipe kikoi, we mtoto. Nikazike na bukta?"

Nilikikamata kwa mikono miwili. Akakivuta, akajifunga juu ya bukta, akaingiza bega chini ya jeneza, akaenda zake hadi makaburini. Loo! Nililia mpaka kamasi.

Mwamuzi akapuliza tena. Golikipa wa Micheweni alikuwa bado anaangalia njiani, na Kombo, yule mwenzake Faki ambaye hata kona hajui kupiga, akaukuta mpira umekaa tu unamsubiri. Akaupiga kwa muundi. Ukaingia! Mgeni akavua miwani, akauliza jina lake.

Mengine mnayajua wenyewe. Kombo akaenda Unguja, akavuka Dar, akawa anatajwa redioni: "mshambuliaji hatari kutoka Pemba". Mama alikuwa akisikia hivyo anashusha pumzi na kusema, "Riziki haivutwi kwa kamba, Mungu hakumwandikia." Siku moja nikamjibu, "Mungu alimwandikia, kaka ndiye aliyefuta." Nililala na alama ya kofi. Na chuoni, tulikosoma Kurani, ndiyo balaa zaidi. Shehe wetu alimfanya Faki kuwa darsa zima, kijana aliyeiacha dunia ikiwa mguuni mwake, na mie nikatakiwa kuitikia "Maashaallah" pamoja na wenzangu.

Faki akabaki. Alicheza hapahapa mpaka kitambi kikamzuia kuiona mipira yenyewe, akiwafunga vijana wa Kojani na kurudi nyumbani kuanika karafuu.

Nilikuwa mke wa mtu, mama wa watoto, nilipomwuliza. Tulikuwa tumekaa barazani, goti lake limevimba, namkanda. Nikamwambia, "Kaka, yule mzee uliyekwenda kumzika alikuwa nani wako hata?"

"Mie? Mpaka leo jina lake silijui."

"Sasa?"

Akajikuna ndevu. "Nilikuwa naogopa, Mize. Hapa hapakuwa na beki wa kunishika. Kule je? Nirudishwe na meli, nanyi nyote mnanisubiri gatini? Hata kitanda sina! Jeneza lile lilipotokea, nikasema alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi, kwa maiti ya mtu! Na Shehe kakusomea darsa!"

"Ningemwambiaje?"

Mkono wangu ukasita gotini kwake. Nilijaribu kukumbuka nani kati yetu aliwahi kumwuliza kama anataka kwenda, nikamtafuta hata mmoja, nikamkosa. Sote tulimwuliza anaondoka lini. Nilikuwa nimeilea hasira yangu miaka yote hiyo kwa ajili ya ucha Mungu wa mtu, kumbe ulikuwa woga wa kijana, na mie niliukalia karibu hivyo nisiuone. Nikakasirika upya, safari hii sijui na nani.

"Ungesema tu," nikamwambia.

"Unajua nini kilichoniuma?" akasema. "Kila Kombo alipokuwa akicheza nilikuwa natega sikio redioni. Natega nisikie hao mabeki wa kule wana nini." Akacheka kidogo, akanisogezea tena goti lake mkononi. "Walikuwa kama hawa wetu tu, Mize. Ningewaweza."