Mashine Isiyozimwa ya Tajudini

Usiku kucha mvua ilinyesha mtaani kwetu Buterere, nami nilikaa kitandani na simu mkononi. Maji yalipoanza kupanda kutoka mashamba ya mpunga, binti yangu Gaëlle alikimbilia kwa Tajudini, fundi wa televisheni. Tangu hapo simu yake haikupatikana.

Kulipopambazuka nilimfuata.

Tajudini ana chumba cha mabati ambamo vijana wa mtaa walikulia, wakicheza mpira kwenye mashine moja ya zamani ya michezo ya televisheni. Bingwa wao alikuwa Ilias, mwanawe. Kabla malaria haijamchukua, Ilias alitengeneza mchezaji ndani ya mchezo, namba kumi, akampa jina lake mwenyewe. Lakini mashine ile haihifadhi tena kitu. Ukiizima, inasahau yote. Basi haijazimwa. Umeme ukikatika inaendeshwa kwa batri ya gari, na watoto wa enzi zile, sasa watu wazima wenye kazi zao, hupokezana kuleta batri zilizojaa. Wanasema ukiweka maneti, kile kidude cha kuchezea, mezani bila kuigusa, Ilias anafunga bao mwenyewe. Gaëlle anaapa ameona. Sikuwahi kumbishia. Niliogopa tu.

Nilikuta maji magotini. Vainqueur, mpakiaji wa bandarini aliyecheza nao utotoni, alikuwa akiuvuta mlango uliobanwa na tope.

"Gaëlle yuko wapi?"

"Ndani, mama. Muzee anakataa kutoka, naye anakataa kumwacha."

Niliweka sikio kwenye bati.

"Baba Ilias, zima, tutoke!" Ilikuwa sauti ya mwanangu.

"Apana. We nenda, mutoto. Mi nabaki naye."

"Nikuache uzame na maneti mukononi? Ilias atanicheka mimi!"

Nilisikia miguu ikisogea majini.

"Basi tusizime," Gaëlle akasema. "Mi nabeba batri, we unabeba mashine. Waya ni mufupi, tutatembea pamoja."

"Na ikichomoka?"

"Ukikaa, maji yatafika mezani. Itazimika tu, baba. Na we pia."

Nilipiga magoti kando ya Vainqueur, tukachimbua tope kwa mikono. Kucha zangu zilivunjika. Ndani, kitu kizito kilianguka majini, nikaita kwa kelele jina la binti yangu.

"Vuta, mama!" Vainqueur akasema.

Mlango ulifunguka. Gaëlle alitoka wa kwanza, batri kichwani, waya ukipita begani kwake kurudi gizani, alikokuwa Tajudini akija na mashine. Sikuuliza kama mashine bado inawaka. Nilimshika kiuno asiteleze.