Supu ya Kibanda cha Nahodha

Noreen Tuttle alipotokea tena na bakuli mkononi, nilimwahi kabla hajafika kibarazani kwangu.

"Bi Noreen, leo sionji. Tumbo langu si ghala."

"Kijiko kimoja tu, Nilda. Kimoja. Niambie kama kamba wamezidi."

Nikaonja. Ningefanya nini? Alikuwa amesimama juani na aproni yake, nywele zimemganda kwenye paji la uso, na miguu imevimba mpaka kandambili zinamkata. Nikamwambia kamba wametosha. Akauliza mahindi je. Nikasema mahindi yametosha. Akauliza chumvi. Hapo nikamwambia ukweli wangu, kwamba ingetiwa kitunguu saumu ingekuwa supu ya kueleweka.

"Wewe hata keki ungeitia kitunguu saumu," akasema, akageuka kurudi kwake. Nyumba zetu zimepakana, zile nyumba za bati zilizopandishwa juu ya matofali, na jikoni kwake na kibarazani kwangu hata kunong'ona kunasikika. Kwa hiyo nilisikia akimimina, nikasikia akienda chumbani kwa mumewe, nikasikia kimya. Kisha nikamsikia Clifton, kwa sauti yake ya upole inayoniudhi mpaka leo:

"Siyo yenyewe, mpenzi."

Nieleze kidogo, maana mtu wa mbali anaweza kudhani bibi huyu alikuwa na wazimu. Noreen alifanya kazi ya udobi hotelini maisha yake yote, akikunja mashuka ya wageni. Clifton aliendesha basi la kuwatoa wageni haohao uwanja wa ndege na kuwapeleka kwenye bustani za burudani. Walipostaafu wakanunua kadi za mwaka za kuingilia bustani ya Ziwa la Mamba, kama tunavyofanya wengi hapa mjini Kissimmee. Si za kupandia mabembea. Mabembea wapande wageni, ndio wanaofurahia kupigishwa kelele na kurushwa kichwa chini. Sisi wenyeji tunaingia mchana, tunapita foleni zote bila kuzitazama, tunakwenda mkahawani, tunakaa kwenye kiyoyozi, tunakula, tunarudi nyumbani kulala.

Kila Ijumaa Noreen na Clifton walikuwa kwenye mkahawa wa Kibanda cha Nahodha, pembeni pale kwenye meli ya uongo, wakila supu nzito ya mahindi na kamba iliyomiminwa ndani ya mkate uliochimbwa katikati. Clifton alikula supu, akala na mkate, kisha akala na mkate wa Noreen. Alikuwa na kitambi cha mtu aliyeridhika na maisha yake.

Kisha saratani ikamshika utumbo. Madaktari walimpasua, wakamshona, wakaanza kumtia dawa za mshipani, na dawa zile zikamwondolea hamu ya chakula. Kila kitu alichotia mdomoni kilikuwa na ladha ya chuma. Nesi akawaambia watumie vijiko vya plastiki. Wakatumia, chuma kikabaki palepale. Mtu yule akaisha mpaka suruali yake ya nyumbani ikawa inafungwa kwa kamba ya kanzu ya kuogea. Daktari akamweleza Noreen bila kuzungusha maneno: uzito ukishuka tena, dawa zinasimamishwa, mwili hautazihimili. Na dawa zikisimama, ugonjwa hausimami.

Siku hiyo, wakiwa njiani kurudi, Clifton akasema, "Ningeipata ile supu ya Kibanda cha Nahodha, hiyo ningekula."

Alilisema jambo hilo kama mtu anavyosema laiti ingenyesha mvua kungepoa. Lakini Noreen alilidaka akalishika kwa mikono miwili.

Mimi nilimwambia palepale, "Mbona rahisi? Kadi yangu bado hai, mpwa wangu Yaritza anakagua tiketi pale mlangoni. Nikuchukulie."

"Atakula siku moja," akasema. "Na kesho yake? Utapanda mabasi mawili kila siku? Nataka niijue, niipike mwenyewe, awe anakula asubuhi na jioni."

Alisema kweli. Basi akaingia mtandaoni. Sijui kama mnajua kwamba kuna watu wazima, wenye kazi na watoto, ambao shughuli yao ni kupika nyumbani chakula cha bustani za burudani na kugombana kuhusu chakula hicho. Mmoja alisema siri ni kuchemsha maganda ya kamba. Mwingine akamwita mwongo, akasema siri ni mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Wa tatu akaapa aliwahi kuosha vyombo pale, aliona kwa macho yake wakitia maziwa ya unga. Noreen aliwaamini wote. Kila mmoja alimpa siku yake.

Alichemsha maganda. Alitafuta mifupa. Alioka mikate ya mviringo na kuichimba, ingawa Clifton asingeweza kutafuna hata ganda lake, maana mtu mmoja mtandaoni alidai supu inachukua ladha ya mkate. Joto la jiko na joto la Florida vikakutana ndani ya nyumba ile ya bati. Nilikuwa nikipita namkuta ameegemea friji kwa paji la uso, macho yamefungwa, mwiko mkononi.

"Kaa chini, Bi Noreen."

"Nikikaa sitasimama."

Na kila ilipoiva ilikuwa hadithi moja. Clifton alipokea kijiko, akakishikilia mdomoni huku akitazama pembeni, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Kisha akameza, akatikisa kichwa. Siyo yenyewe. Imekosa nini? Hajui. Siyo yenyewe tu. Jumanne moja alisema, "Hii imekaribia," na Noreen alikuja kwangu mbio, mbio za miguu ile, kunieleza kwamba imekaribia na kunionjesha. Lakini hata hiyo alikula vijiko viwili, akakisukuma kibakuli.

Nilikasirika. Sifichi. Nilingoja Noreen ameenda dukani, nikaingia kwa Clifton bila kubisha hodi.

"Bwana Clif, mkeo atakufa kabla yako."

"Naona," akasema.

"Unaona na unanyamaza? Mdanganye basi! Sema ndiyo hii, ule, yaishe."

"Nikisema ndiyo hii halafu ikanishinda kula, Nilda, atashika nini tena?" Alikuwa amelala kwa ubavu, mkono umebaki mifupa. "Yeye akiwa jikoni anajua la kufanya. Na mimi nikiisubiri nina kitu cha kusubiri."

Nilitoka na hasira zangu zilezile, ila sasa sikujua nimwelekezee nani.

Kupimwa uzito kulikuwa Alhamisi. Jumatano asubuhi nilimwona Noreen amesimama uani akiangalia sufuria aliyoitoa nje, na nilipomwita hakusikia. Nilimwita tena. Akageuka, akaniambia, "Nimesahau kama hii nimeshaitia chumvi," na sauti yake haikuwa na kitu ndani. Hapo nikakata shauri. Sikumwambia mtu. Nikachukua chupa yangu ya chai, ile kubwa, nikapanda basi.

Yaritza aliniona mlangoni na chupa kwapani. "Shangazi, unaleta chai bustanini?"

"Natoa, sileti. Nipitishe."

Nikapita katikati ya wageni wenye masikio ya mamba ya plastiki vichwani, watoto wanalia, baba zao wamebabuka jua. Foleni ya Kibanda cha Nahodha ilitoka nje mpaka juani na nilisimama humo nikilaani kila aliyekuwa mbele yangu. Nikanunua supu mbili. Nikakaa kwenye kona, nikaanza kuikomba supu kutoka kwenye mikate na kuimimina kwenye chupa, na kijana wa kuhudumia akanitazama, nikamtazama, akaenda zake.

Kabla ya kufunga kifuniko nikaonja.

Nilirudia kuonja, maana sikuamini. Ilikuwa supu ya Noreen. Sisemi zilifanana. Ilikuwa ni ileile ya Jumanne, chumvi ileile, moshi uleule kwa mbali, mahindi yanayopasuka vilevile chini ya jino. Mwanamke yule alikuwa ameshaipata tangu Jumanne ile na hakuna aliyemwambia, na mimi niliyeonja nilikuwa na kazi ya kulalamikia kitunguu saumu.

Njia nzima kwenye basi nilikula ile mikate mitupu, nikiomba ulimi wangu uwe umekosea. Huenda kuna kitu ambacho mimi sikisikii na Clifton anakisikia. Nilitaka sana aonje aseme ndiyo hii.

Noreen alinikemea nilipomweleza. Alisema nimemfanyia mambo nyuma ya mgongo wake, akauliza nani amenituma. Kisha akaitazama ile chupa na kukemea kukamwishia.

"Mimina kwenye bakuli letu," akasema. "Usimwambie."

Tukaingia sote wawili. Akamkalisha, akampangia mito, akampa kijiko. Clifton akakishikilia mdomoni, akatazama pembeni kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Siyo yenyewe, mpenzi," akasema. "Ile ya Jumanne ilikaribia zaidi."

Noreen alirudi jikoni, akamimina iliyobaki kwenye kifuniko cha chupa, akanywa taratibu. Nikamfuata. Aliniangalia, na nikajua ameijua supu yake.

"Usimwambie," nikamnong'oneza. "Nakuomba. Muache."

"Nimuache asubiri nini?"

"Kitu chochote."

"Mimi nimechoka, Nilda," akasema, si kwa kunong'ona. "Nimechoka mno."

Akarudi chumbani, akakaa kitandani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kumwona amekaa.

"Clif, hiyo siyo yangu. Hiyo ni ya kwao. Nilda ameitoa Kibanda cha Nahodha mchana huu."

Clifton alilitazama bakuli. Feni iliendelea kuzunguka juu ya vichwa vyetu.

"Wamebadilisha mpishi," akasema.

"Hawajabadilisha."

"Basi wamebana matumizi. Siku hizi kila mahali wanabana."

"Clif."

Akanigeukia mimi. "Na wewe umeonja?"

Nilitamani nidanganye, mimi niliyemfundisha wiki ile kudanganya. "Nimeonja, Bwana Clif. Ni ileile. Na ya Noreen ni ileile."

"Ni dawa," Noreen akasema haraka. "Wamesema ladha itarudi dawa zikiisha. Wamesema kwa wengi inarudi."

Clifton alizungumza na bakuli.

"Unajua nilikuwa najizuia? Njaa ndogo ilikuwa inakuja, mara mojamoja. Naizuia. Nilijiambia nikijaza tumbo na vitu vingine, siku ikija yenyewe nitaikosa. Nilidhani ikija yenyewe mdomo utafunguka."

Kisha akachukua kijiko akala. Alikula bila kutazama pembeni, bila kusikilizia kitu. Alitia mdomoni, akameza, akatia tena, jinsi watu wanavyomeza vidonge, na jasho likamtoka, akapumzika, akaendelea. Noreen alinyoosha mkono kama anayetaka kumzuia, akaurudisha mapajani. Bakuli likaisha.

"Kesho nipe chochote," akasema. "Uji wa pakiti, supu ya kopo, kilicho karibu. Usisimame tena jikoni kwa ajili yangu."

Alhamisi uzito ulikuwa haujashuka. Wiki iliyofuata ulipanda kidogo, na dawa zikaendelea. Clifton anakula asubuhi, mchana na jioni, anakula alichowekewa, anasema asante. Nesi amemsifu Noreen mbele ya watu kwamba Clifton ndiye mgonjwa anayekula vizuri kuliko wote.

Nilikwenda kumpongeza. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za mlango wake, miguu imepungua uvimbe, nyuma yake jiko limezimwa na nyumba imepoa. Nikamwambia ameshinda, alichokitaka amekipata, sasa alale usingizi wa haki.

"Alikuwa akinikatalia, Nilda," akasema. "Kila siku alikuwa akinikatalia. Sasa hivi nikimpa maji ya mchele bila chumvi anakunywa mpaka mwisho, ananishukuru."

Akafunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti, bila haya, na mimi nikakaa pembeni yake kwenye ngazi.