Weusi wa Maganda ya Korosho

Watu wa Likombe walikwishazoea kumwona Riziki akiinama jalalani. Beseni la buluu lililopasuka, makopo ya soda, vifuu vya nazi, mbao za makreti ya bandarini, vyote aliviokota. Kwa wachonga vinyago aliomba masalio ya mpingo. Nyumbani, peke yake, alivikata vyembamba, akavipachika juu ya ubao kipande kwa kipande, akavikandamiza kwa matofali, kisha akapiga msasa mpaka kidole kisihisi kiungo. Kazi hiyo ya njumu hakufundishwa na mtu.

Ndugu zake walimwonea haya. Dada yake Somoe, aliyeolewa Madimba, aliacha hata kumwalika kwenye shughuli. Ila Farida, binti wa Somoe, alipochumbiwa alimpigia simu.

"Mama mdogo, nitengenezee sinia la harusi. Nataka wanawake mkekani wapitishiane mkono kwa mkono."

"Mama yako atanuna."

"Anune. Akiliona atanyamaza, na wewe utakaa karibu yangu."

Maneno hayo yalimkaa Riziki moyoni. Akachora mikoko ya mdomo wa Ruvuma maji yakiwa yamejaa. Beseni likawa maji, makopo yakawa mwanga juu yake, vifuu vikawa matope. Ilibaki mizizi, nayo ilitaka weusi, na mpingo ulikuwa umekwisha. Akakamua mafuta ya maganda ya korosho.

Mafuta hayo yakikauka huwa meusi ya kung'aa. Yakiwa mabichi huunguza ngozi. Riziki aliwahi kubangua korosho, mikono imepakwa majivu ya kuikinga. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Yalitakiwa kupakwa kidogo kidogo na kuachwa juani muda mrefu. Lakini harusi ilikaribia na mawingu yalitanda. Akapaka mazito mara moja, akijiambia jua litatoka.

Jua halikutoka. Hata hivyo, asubuhi, siku moja kabla ya harusi, sinia lilionekana kavu. Akalibeba kama litakavyobebwa, ukingo wenye mizizi umelalia mkono wake kwa ndani, akazunguka nalo chumbani akitabasamu kama mwali. Kufika alasiri mkono ulikuwa mwekundu, na malengelenge yameanza kuvimba.

Akaketi. Aliwaza viganja vya Farida vilivyotoka kupakwa hina. Akaligeuza sinia, akaliacha.

Madimba alikwenda na doti moja ya kanga, kama mgeni yeyote, mkono kaufunika kwa baibui.

"Na hilo sinia tulilotangaziwa?" Somoe aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Au jalala limekauka?"

Wanawake wakaangua kicheko. Riziki naye akacheka kidogo. Angeweza kupandisha mkono wa baibui. Lakini hapo wangejua alichokaribia kumletea bibi harusi, na wangekuwa na haki ya kumwogopa.

Farida alimwita pembeni. "Kweli hujatengeneza?"

"Nimetengeneza. Halijakauka."

"Kesho tunaondoka kwenda Songea, mama mdogo."

"Najua."

"Nilishawaambia watu wote." Farida alitaka kuongeza neno, lakini aliitwa kupiga picha, akaenda. Riziki alikula pilau karibu na mlango, miongoni mwa watu asiowajua, akaondoka kabla ya ngoma.

Jua lilirudi baadaye, bila haraka. Mikorosho ilipochanua, Riziki alipitisha kiganja juu ya mizizi ya sinia, kisha akaweka shavu. Halikuwasha. Akalipiga picha, akamtumia Farida.

Jibu lilikuja jioni: "Zuri sana, mama mdogo. Mpelekee mama."

Akaandika, "Atalipokea?" Akafuta. Akaandika, "Sawa."

Kesho yake hakwenda Madimba, wala juma lililofuata. Sinia lilibaki limeegemea ukuta, na kila alipoamka alilifuta vumbi, akaahirisha tena.